Kipupwe Arusha: Fiziotherapia na Mbinu za Kuendelea na Mazoezi na Kazi Bila Kuumia

Wakazi wa Jiji la Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru huingia katika kipupwe, msimu wa baridi wa kuanzia Juni hadi Agosti, wakiwa na kazi nyingi. Mahindi huvunwa, kahawa huanza kuchumwa, watalii huongezeka katika hifadhi, na wanafunzi hushiriki michezo ya UMITASHUMTA na UMISSETA. Mwili hudaiwa kazi kubwa katika miezi ileile ambayo baridi huufanya uwe mzito kuamka na kuchelewa kupata joto.

Kwa mpagazi, mkulima, mama lishe au dereva wa bodaboda, kifundo cha mguu kilichoteguka au kiuno kilichokaza ni kipato kilichosimama. Sehemu kubwa ya majeraha hayo huweza kuepukwa kwa maandalizi ya dakika chache, na yakitokea hupona vizuri zaidi yanaposhughulikiwa mapema kwa msaada wa mtaalamu wa fiziotherapia. Makala haya yanaeleza namna baridi inavyouathiri mwili, hatua za kujikinga kwa makundi mbalimbali, huduma ya kwanza kwa aliyeumia na wakati wa kwenda kituo cha kutolea huduma za afya.

Baridi ya miteremko ya Meru

Jiji la Arusha lipo takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Katika miezi ya Juni na Julai, joto la alfajiri jijini hushuka hadi karibu nyuzi 12 za Selsiasi, huku mawingu yakiufunika mlima na manyunyu yakilowesha barabara na vijia vya mashambani. Kwa kuwa joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 za kupanda, mkazi wa maeneo ya juu huamkia baridi kali kuliko mkazi wa katikati ya jiji, na kileleni mwa Meru, penye mita zipatazo 4,566, usiku hushuka chini ya nyuzi sifuri.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa msimu wa kipupwe kila mwaka. Taarifa hiyo hutumiwa zaidi na wakulima na wafugaji, lakini inawafaa pia walimu wa michezo, makocha na waongoza watalii katika kupanga saa za mazoezi, mavazi na ratiba za kazi.

Mwili unapopoa

Mwili unapohisi baridi, mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi husinyaa ili kuhifadhi joto kwa ajili ya viungo vya ndani. Vidole, mikono na miguu hupata damu kidogo zaidi. Misuli iliyopoa hujikunja na kujinyoosha polepole, na mawasiliano kati ya mishipa ya fahamu na misuli hupungua kasi. Mtu anayeteleza kwenye udongo mwekundu uliolowa huhitaji misuli ya kifundo cha mguu iitikie haraka ili imshike. Misuli ikichelewa, mguu hukunjika na kano zinazoshikilia kiungo huvutika au kuchanika.

Wananchi wengi, hasa wazee, hueleza kuwa viungo vyao huuma zaidi wakati wa baridi. Baridi yenyewe haisababishi ugonjwa wa kusagika kwa viungo. Hata hivyo, watu hujongea kidogo zaidi siku za baridi, na kiungo kisichotumika hukakamaa, misuli inayokibeba hudhoofika na maumivu huongezeka. Kujifungia ndani kwa wiki kadhaa kisha kuudai mwili kazi nzito ghafla ndiko huzaa madhara mengi yanayolaumiwa baridi.

Kiasi cha mazoezi kinachopendekezwa

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2020 unapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, au mazoezi makali kwa dakika 75 hadi 150, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wanapaswa kupata wastani wa dakika 60 kwa siku. Kwa mujibu wa takwimu za shirika hilo za mwaka 2022, asilimia 31 ya watu wazima duniani hawakufikia kiwango hicho.

Dakika 150 ni sawa na kutembea kwa haraka nusu saa kwa siku tano. Mtu anayetembea kwa miguu kutoka Sakina au Kijenge hadi katikati ya jiji, au anayelima shamba la mteremkoni, huweza kuwa ametimiza sehemu kubwa ya kiwango hicho. Kipimo rahisi cha mazoezi ya wastani ni kwamba mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba.

Nchini Tanzania, mwezi Desemba 2016, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza na kuagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi itumike kwa mazoezi. Siku hiyo moja ni mwanzo mzuri iwapo inafuatwa na siku nyingine. Mtu anayekimbia kilomita 10 mara moja kwa mwezi, bila mazoezi mengine katikati, anauweka mwili wake katika hatari kuliko anayetembea kila siku.

Kupasha mwili moto

Wakati wa kipupwe, maandalizi ya dakika 5 yanayotosha msimu wa joto yaongezwe hadi dakika 10 au 15. Utaratibu unaofaa kwa mazoezi na kwa kazi nzito ni huu:

- Dakika 5 za kutembea kwa kasi inayoongezeka, au kukimbia polepole mahali pamoja, hadi mwili uanze kuhisi joto.
- Kuzungusha mabega, nyonga na vifundo vya miguu, mara 10 kila upande.
- Kuchuchumaa na kusimama mara 10 hadi 15, kwa taratibu na bila kufikia maumivu.
- Kupiga hatua ndefu mbele huku goti likikunjwa, mara 8 kila mguu.
- Kuinuka kwa ncha za vidole na kushuka taratibu, mara 15.
- Kuanza shughuli yenyewe kwa nusu ya kasi au nusu ya mzigo kwa dakika chache.

Kunyoosha misuli kwa kushikilia mkao mmoja muda mrefu kunafaa zaidi baada ya mazoezi, mwili ukiwa na joto. Mavazi yawe ya tabaka, yaani nguo nyepesi ndani na sweta au koti juu, ili mtu apunguze kadiri anavyopata joto. Nguo iliyolowa jasho ibadilishwe mara baada ya mazoezi. Kunywa maji kuendelee hata kama kiu haisikiki, kwa kuwa baridi hupunguza hisia ya kiu.

Wenye pumu wanapaswa kuwa na dawa yao ya kuvuta karibu, kwani hewa baridi na kavu inaweza kubana kifua wakati wa mazoezi. Kufunika pua na mdomo kwa kitambaa chepesi husaidia kuipasha hewa inayovutwa. Wanaofanya mazoezi ndani wasifunge madirisha huku jiko la mkaa likiwaka. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo huua, na hatari huwa kubwa zaidi kwa wanaolala na jiko chumbani.

Wakulima na wabeba mizigo

Maumivu ya kiuno na mgongo ni miongoni mwa sababu kuu za watu kushindwa kufanya kazi duniani. WHO inakadiria kuwa watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo mwaka 2020. Katika mashamba ya migomba, mahindi na kahawa ya Meru na Arumeru, mgongo hubeba mkungu, gunia, kuni na maji.

Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji ina uzito wa takriban kilo 20. Kugawa maji hayo katika madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, husawazisha mzigo na kupunguza kazi ya misuli ya upande mmoja wa mgongo. Gunia la kilo 100 halipaswi kuinuliwa na mtu mmoja, na ni salama zaidi mavuno yakifungwa katika mifuko midogo. Anayeinua mzigo anashauriwa kuukaribia, kukunja magoti na nyonga, kuushika ukiwa karibu na tumbo, kisha kugeuka kwa kusogeza miguu badala ya kupinda kiuno. Anayevuna au kupalilia akiwa ameinama apumzishe mgongo kila baada ya dakika 30 kwa kusimama wima na kujinyoosha kwa nyuma mara kadhaa.

Kwa maumivu ya kawaida ya mgongo, kulala kitandani siku nyingi huchelewesha kupona. Mgonjwa anashauriwa kuendelea na shughuli nyepesi kwa kadiri anavyoweza na kuziongeza hatua kwa hatua.

Waongoza watalii, wapagazi na wapandaji

Njia ya Momella katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha hupita Kibanda cha Miriakamba, kilichopo takriban mita 2,514, na Kibanda cha Saddle, kilichopo takriban mita 3,570. Siku ya kileleni, wapandaji wengi huanza safari usiku wa manane kutoka Saddle, hupanda karibu mita 1,000 gizani na katika baridi, kisha huteremka hadi Miriakamba siku hiyohiyo. Mteremko huo ni wa zaidi ya mita 2,000.

Wengi hujiandaa kwa kupanda wakasahau kushuka, ilhali kushuka ndiko huumiza magoti. Misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki kwa kila hatua, na ikichoka goti hupokea uzito wote. Maandalizi ya wiki 6 hadi 8 kabla ya safari yajumuishe kushuka ngazi au vilima taratibu, kuchuchumaa na kusimama kwa mguu mmoja. Fimbo mbili za kutembelea hupunguza mzigo wa magoti wakati wa kushuka, na hatua fupi ni salama kuliko ndefu.

Wapagazi hubeba mizigo katika njia hizohizo wiki baada ya wiki. Katika Mlima Kilimanjaro kikomo cha mzigo wa mpagazi ni kilo 20, na kipimo hicho kinafaa kuzingatiwa na waajiri wote wa milimani. Viatu vyenye kushika ardhi, soksi kavu na siku za kupumzika kati ya safari ni kinga kwa viungo vya mpagazi kama ilivyo kwa mgeni wake.

Madereva wa bodaboda na wanaokaa muda mrefu

Dereva wa bodaboda hupigwa na upepo unaoongeza ukali wa baridi, huku mikono, shingo na kiuno vikiwa katika mkao mmoja kwa saa nyingi. Glovu, koti lisilopitisha upepo na kitambaa cha shingoni humkinga. Anaposubiri abiria, ashuke kwenye pikipiki, atembee, azungushe mabega na kufumba na kufumbua viganja. Ushauri huohuo wa kuinuka angalau mara moja kila saa unawahusu wafanyakazi wa ofisini, mafundi cherehani na wafanyabiashara wanaokaa dukani kutwa.

Wanafunzi na wanamichezo

Mkoa wa Arusha una historia kubwa ya riadha. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch, New Zealand, mwaka 1974. Leo barabara za Ngaramtoni na Ilboru hupitwa alfajiri na wakimbiaji wa kulipwa na wa kujifurahisha. Kwa wakimbiaji wapya, umbali uongezwe kidogo kidogo wiki hadi wiki, na maumivu ya mfupa wa muundi yanayozidi kila siku yasipuuzwe, kwa kuwa yanaweza kuashiria ufa mdogo katika mfupa.

Kwa mpira wa miguu, upo mpango wa maandalizi wa FIFA 11+ unaochukua dakika 20 na kuhitaji mpira na alama za uwanjani pekee. Dakika 8 ni za kukimbia polepole, 10 za nguvu, mizani na kuruka, na 2 za kukimbia kwa kasi. Tafiti zimeonesha kuwa timu zilizoufuata angalau mara mbili kwa wiki zilipunguza majeraha kwa kati ya asilimia 30 na 50. Walimu wa michezo wanaweza kuutumia shuleni bila gharama. Mwanafunzi aliyeumia asirudishwe uwanjani kwa sababu tu mchezo unaofuata ni muhimu.

Wazee

Kwa watu wa miaka 65 na kuendelea, hatari kubwa ni kuanguka. WHO inapendekeza mazoezi ya mizani na nguvu angalau siku tatu kwa wiki. Mzee anaweza kuanza kwa kuinuka kwenye kiti imara na kukaa tena mara 10, kusimama kwa mguu mmoja akiwa ameshika meza, na kutembea kwa kufuatisha kisigino na vidole pembeni ya ukuta. Familia zihakikishe njia ya kwenda msalani ina mwanga na haina utelezi, na kwamba mzee ana viatu vilivyofungwa nyuma badala ya kandambili zilizolegea.

Mtu anapoteguka

Katika siku 2 hadi 3 za kwanza, hatua zinazopendekezwa ni hizi:

- Kusimamisha shughuli na kuepuka kukilazimisha kiungo kilichoumia.
- Kufunga bandeji ya kubana kiasi, isiyozuia damu. Vidole vikipoa, kufa ganzi au kubadilika rangi, bandeji ilegezwe.
- Kuuinua mguu juu ya usawa wa moyo wakati wa kupumzika.
- Kuweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, au kitambaa kilichochovywa katika maji baridi, kwa dakika 10 hadi 20 kwa wakati ili kupunguza maumivu.
- Kuepuka maji ya moto, pombe, kukimbia na kuchua kwa nguvu sehemu iliyovimba.

Kuchua na kuvuta kiungo kilichovimba ni desturi iliyoenea, lakini kunaweza kuongeza uvujaji wa damu ndani na, iwapo mfupa umevunjika, kuusogeza. Dawa za kupaka hupunguza maumivu kwa muda, lakini kano iliyochanika huimarika kwa mazoezi yaliyopangwa. Baada ya siku hizo za mwanzo, mgonjwa aanze kukijongesha kiungo na kukanyaga kwa kadiri maumivu yanavyoruhusu. Mteguko mdogo huweza kupona ndani ya wiki 1 hadi 3, lakini mkubwa huchukua miezi kadhaa. Anayerudi kazini maumivu yalipoisha tu, bila kurejesha nguvu na mizani, huteguka tena kwa urahisi.

Dalili zinazohitaji kituo cha afya haraka

Mgonjwa apelekwe bila kuchelewa iwapo hawezi kukanyaga hatua 4, kiungo kimepinda, mfupa unauma unapobonyezwa, au sehemu iliyo chini ya jeraha imekufa ganzi au imepauka. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na kushindwa kuzuia haja, ganzi sehemu za siri au udhaifu wa miguu yote miwili ni dharura. Vilevile maumivu ya kifua wakati wa mazoezi, uvimbe wenye maumivu kwenye shavu la mguu pamoja na kukosa pumzi, na maumivu ya mgongo yenye homa au kupungua uzito yanahitaji daktari.

Fiziotherapia ni nini na inapatikana wapi

Fiziotherapia ni sehemu ya huduma za utengamao, zinazomrejeshea mtu uwezo wa kujongea, kufanya kazi na kujitegemea. Mtaalamu humuuliza mgonjwa namna alivyoumia na kazi anayofanya, hupima nguvu, mjongeo na mizani, kisha huandaa mpango wa mazoezi ya kufanya kituoni na nyumbani. Huweza pia kutumia tiba ya mikono, joto au vifaa saidizi kama magongo. Mpagazi hufundishwa kushuka na mzigo na mama lishe kuinua sufuria, kwa kuwa lengo ni kumrudisha kila mmoja katika shughuli yake. WHO inakadiria kuwa watu bilioni 2.4 duniani wana hali ambazo zingenufaika na huduma za utengamao.

Jijini Arusha, huduma hizo hupatikana katika hospitali kubwa, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru na Hospitali ya Arusha Lutheran Medical Centre. Kwa matatizo makubwa, wagonjwa wa Kanda ya Kaskazini hupewa rufaa kwenda Hospitali ya KCMC mjini Moshi, ambako pia hufundishwa wataalamu wa fani hiyo. Mwananchi anaweza kuanzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, akaeleza tatizo lake na kuomba rufaa inapohitajika. Wanachama wa bima ya afya wanashauriwa kuuliza kituoni, kabla ya kuanza tiba, huduma zinazogharamiwa na kitita chao.

Matokeo ya tiba hii hutegemea kiasi kikubwa mgonjwa mwenyewe. Mahudhurio mawili kwa wiki hayatoshi kama mazoezi ya nyumbani hayafanyiki, na anayeacha mpango katikati kwa kuona nafuu hujirudisha nyuma. Wananchi wanashauriwa kufika mapema maumivu yanapodumu zaidi ya wiki mbili au yanapojirudia, badala ya kusubiri kipupwe kipite. Jeraha linaloshughulikiwa Juni humruhusu mkulima kumaliza mavuno na mpagazi kurejea mlimani ndani ya msimu huohuo.